Sura ya Nne: Shilingi 26,475

Mwalimu mwenye shahada aliyeajiriwa serikalini mwishoni mwa mwaka 2020 alianza na mshahara wa shilingi 716,000 kwa mwezi. Ngazi yake iliitwa TGTS D1, na wanafunzi wa ualimu waliijua namba hiyo kwa kichwa tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu ndiyo waliyopangia maisha. Mwenye stashahada aliyeripoti kazini siku hiyohiyo alianza na 530,000, ngazi ya C1. Tofauti yao ni 186,000 kila mwezi. Familia nyingi zilipokaa kuamua kijana aende wapi, hesabu iliishia hapo: shahada inalipa zaidi, mkopo upo, basi aende chuo kikuu.

Nataka tuendelee na hesabu hiyo kuanzia pale familia ilipoiacha. Nimechagua mishahara na makato ya mwaka ule kwa makusudi, kwani ndicho kipindi ambacho masharti ya mkopo wa elimu ya juu yalikuwa makali kuliko wakati mwingine wowote tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi. Mishahara imepanda baadaye na masharti yamelegea, lakini njia ya kukokotoa ni ileile, na msomaji anaweza kuweka namba zake mwenyewe.

Chukua ndugu wawili wa tumbo moja, wa mfano tu, waliomaliza kidato cha sita pamoja. Kaka anakwenda chuo cha ualimu, tuseme Butimba, miaka miwili ya stashahada, na wazazi wanajikamua kumlipia ada. Dada anakwenda chuo kikuu cha serikali, miaka mitatu ya shahada ya ualimu, kwa mkopo wa Bodi. Wakati huo Bodi haikuwa inakopesha wanafunzi wa stashahada, kwa hiyo kaka hana deni popote.

Deni la dada linajengeka hivi. Fedha ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, nayo huja kwa mafungu ya siku 60 ambayo wanafunzi huyaita bumu. Kila bumu ni 510,000. Mabumu manne kwa mwaka, kwa miaka mitatu, ni 6,120,000. Vitabu na shajala ni 200,000 kwa mwaka, yaani 600,000. Ada ya shahada ya ualimu tuikadirie milioni moja kwa mwaka, yaani milioni tatu. Hapo tayari tuna 9,720,000. Ongeza asilimia moja ya gharama za uendeshaji ambayo Bodi hutoza mara moja, ongeza posho ya mafunzo kwa vitendo, na deni linavuka milioni kumi. Tushike milioni kumi kamili ili hesabu isituchoshe. Wapo wanaopata mkopo nusu na wapo wanaopata wote. Mwenye nusu anadaiwa kidogo, ila nusu nyingine ilitoka kwenye ng'ombe wa mzazi au michango ya ukoo, na hiyo nayo ni gharama hata kama haiandikwi kwenye mfumo wa Bodi.

Sasa tufungue salari slipu zao, tukitumia viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2020.

Kaka mwenye 530,000 anakatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, PSSSF, ambayo ni 26,500. Kodi ya mapato ni 21,015. Bima ya afya, asilimia 3, ni 15,900. Chama cha Walimu, asilimia 2, ni 10,600. Anabakiwa na 455,985.

Dada mwenye 716,000 anakatwa pensheni 35,800, kodi 54,540, bima 21,480, chama 14,320. Kama angekuwa hana mkopo angepeleka nyumbani 589,860. Lakini Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla ya makato mengine yoyote, na hiyo ni 107,400. Anabakiwa na 482,460.

Toa kimoja kwenye kingine. Ile tofauti ya 186,000 iliyozungumzwa sebuleni imebaki 26,475.

Namba hii ilinifanya nirudie hesabu yote mwanzo hadi mwisho, maana iligusa jambo ambalo walimu vijana wamekuwa wakilieleza kwa miaka bila kusikilizwa. Mwalimu wa shahada anaonekana ofisini kuwa wa ngazi ya juu, ndugu zake wanajua amesoma chuo kikuu na wanamtegemea kwa kiasi hichohicho, ila mfukoni amemzidi mwenzake wa stashahada kwa fedha isiyofika hata nauli ya basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Mjomba akipiga simu kuuliza mshahara wote unakwenda wapi, jibu la kweli ni refu kuliko vocha iliyopo.

Kaka, kwa kuwa alisoma miaka miwili, ameanza kazi mwaka mmoja mapema, mradi wote wawili wamepata ajira mara tu baada ya kumaliza. Katika mwaka huo amepeleka nyumbani 5,471,820 wakati dada bado anasubiri bumu. Dada atamfikia lini? Wakati analipa deni anamzidi 26,475 kwa mwezi. Deni likiisha anaanza kumzidi 133,875. Bila tozo yoyote juu ya deni, milioni kumi inalipwa kwa miezi 93, karibu miaka saba na miezi tisa, kisha inahitajika takriban miezi 23 zaidi ili pengo la mwaka wa kwanza lizibike. Jumla ni zaidi ya miaka tisa na nusu tangu dada apokee mshahara wa kwanza. Baada ya hapo shahada inalipa vizuri, na inaendelea kulipa hadi kustaafu, kwa sababu pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara mkubwa na ngazi za kupanda ni nyingi zaidi. Shahada ya ualimu si biashara mbaya, ila faida yake inakuja mwalimu akiwa na miaka zaidi ya 30, na watu wanaitarajia akiwa na 24.

Nimesema bila tozo. Mwaka 2020 tozo ilikuwepo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Kwa miaka mingi mdaiwa aliyeajiriwa alikatwa asilimia 8. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15, na yakawakumba hata waliosaini mikataba yao wakati wa asilimia 8. Pamoja na makato hayo kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka ya deni lililobaki, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa.

Ipitishe tozo hiyo kwenye milioni kumi za dada. Mwaka wa kwanza inadai 600,000. Yeye kwa mwaka mzima amekatwa 1,288,800. Karibu nusu ya alichokatwa imeishia kwenye tozo, na deni limepungua kwa 688,800 tu. Ukiendelea mwaka kwa mwaka hadi mwisho, analipa kwa miaka kumi na miezi tisa hivi, jumla karibu milioni 13.9. Kwa kiwango cha zamani cha asilimia 8 hali ilikuwa ya kutisha zaidi kwa upande mwingine: angekatwa 57,280 kwa mwezi, 687,360 kwa mwaka, na tozo ingekula 600,000 kati ya hizo. Salari slipu ingeonyesha makato mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, na deni lingekuwa palepale. Wapo waliofungua taarifa zao baada ya miaka mitano ya kukatwa wakadhani mfumo umekosea. Wengi wao hawakuwa wamekosewa. Ilikuwa ni asilimia 6 ikifanya kazi yake.

Ndiyo maana tangazo la Mei Mosi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaambia wafanyakazi jijini Mwanza kwamba tozo ile ya asilimia 6 inafutwa, lilikuwa na uzito ambao magazeti hayakuueleza kwa namba. Kwa mdaiwa wa mfano wetu, kufutwa kwa tozo kuanzia Julai mwaka huo ni sawa na kusamehewa miaka mitatu ya makato na karibu milioni 3.9. Adhabu ya asilimia 10 nayo iliondolewa. Makato ya asilimia 15 yalibaki, lakini tangu wakati ule kila shilingi inayokatwa inapunguza deni lenyewe. Sioni uamuzi mwingine wa miaka ya karibuni uliobadilisha hesabu ya shahada kwa mwalimu wa kawaida kiasi hicho.

Lakini mpaka hapa nimemfanyia dada wema ambao dunia haikuwafanyia wenzake wengi. Nimempa ajira siku ya kwanza.

Hadi kufikia mwaka 2015, mhitimu wa ualimu alikuwa anapangiwa kituo. Alimaliza, akasubiri majina yatoke, akafungasha begi kwenda wilaya ambayo pengine hakuwahi kuisikia. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti, na mpango ule wa kupangiwa haukurudi kama ulivyokuwa. Ajira zilipofunguliwa kidogo mwaka 2017, waliotangulia ni walimu wa sayansi na hisabati. Nyongeza za mwaka na kupanda madaraja navyo vilisimama kwa miaka kadhaa. Kizazi kilichoingia chuo kikuu kikiamini kwamba ualimu ni ajira ya uhakika kilitoka na kukuta uhakika huo haupo, huku mkopo uliochukuliwa kwa imani hiyo ukiwa umebaki.

Fikiria dada amesubiri miaka minne, anafundisha tempo kwenye shule ya kata, akilipwa posho inayotokana na michango ya wazazi. Kwa sheria ya zamani, tozo ya miaka minne, hata bila kuhesabu tozo juu ya tozo, ni milioni 2.4 zaidi. Kwa sheria ya sasa deni lake linabaki milioni kumi, na hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo, mshahara alioukosa kwa miaka hiyo minne ni zaidi ya milioni 28 ukihesabu 589,860 kwa mwezi. Deni lote la chuo ni karibu theluthi moja ya hasara hiyo. Tumezoea kuogopa deni kwa sababu lina namba ya kumbukumbu, lina barua, lina makato. Miaka ya kusubiri haina barua. Na ndiyo inayogharimu zaidi.

Kwa hiyo mzazi anayeniuliza kama mwanaye achukue mkopo akasome ualimu, swali langu la kwanza kwake ni masomo gani. Katika usaili wa walimu uliosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi 14,648 zilizotangazwa mwaka 2024, waombaji walizidi 200,000. Ni karibu watu 14 kwa nafasi moja, lakini wastani huo unaficha mengi. Mwalimu wa Fizikia na Hisabati hasimami kwenye foleni moja na mwalimu wa Historia na Kiswahili. Nchi ina shule za sekondari ambazo hazijawahi kuwa na mwalimu wa Fizikia wa kudumu, na ina wahitimu wa sanaa waliokaa nyumbani tangu enzi za uhakiki. Bodi yenyewe imekuwa ikiwapa kipaumbele wanaosomea ualimu wa sayansi na hisabati. Shahada mbili zenye jina linalofanana, deni linalolingana, mshahara uleule wa kuanzia, zinaweza kutofautiana miaka mitano kwenye tarehe ya mshahara wa kwanza.

Uamuzi huo wa masomo haufanyiki chuo kikuu. Unafanyika mwanafunzi anapojaza tahasusi baada ya kidato cha nne, akiwa na miaka 17, mara nyingi kwenye shule ambayo maabara yake ni chumba kitupu. Anachagua tahasusi za sanaa, HKL au HGL, kwa sababu hajawahi kushika bomba la maabara, na hapo, bila mtu kumwambia, ameshachagua na urefu wa foleni yake. Hili linanisikitisha kuliko jambo lolote katika sura hii. Watoto wa shule zilizokosa walimu wa sayansi wanakuwa walimu wa masomo ambayo walimu wake wamejaa, na shule zao zinaendelea kukosa walimu wa sayansi.

Walioshindwa kusubiri huenda shule binafsi. Zipo zinazolipa vizuri kuliko serikali, hasa za mijini zenye majina. Zipo nyingi zaidi ambazo hazifanyi hivyo. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka 207,000 kwa sekta ya shule binafsi. Mwalimu wa shahada aliyelipwa kiwango hicho na kukatwa asilimia 15 alipoteza 31,050 kwa mwezi, na kwa kasi hiyo milioni kumi ingeisha baada ya karibu miaka 27. Sheria haimuulizi kama mshahara huo unatosha kula. Inaanza kukata tangu shilingi ya kwanza.

Kenya wamepita njia nyingine na kufika karibu na palepale. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya huko, una riba ya asilimia 4, na mdaiwa asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 za huko kila mwezi. Mwalimu mhitimu husubiri TSC, tume inayoajiri walimu, na serikali ilipoanzisha sekondari msingi iliwachukua maelfu kama walimu wanagenzi kwa 20,000 za huko kwa mwezi kabla ya makato, wakibeba mzigo wa vipindi sawa na walioajiriwa. Waligoma mwaka 2024, na wanagenzi 46,000 wakapewa ajira ya kudumu mwanzoni mwa 2025. Kwa miaka ile waliyokuwa wanagenzi, walikuwa na shahada, walikuwa na kazi, walikuwa na deni, na bado hawakuwa na mshahara wa mwalimu.

Uingereza hufanya jambo moja ambalo nadhani linastahili kuangaliwa kwa makini, licha ya kwamba madeni yao ni makubwa mno na yana riba. Aliyeanza chuo kuanzia Agosti 2023 hakatwi chochote mpaka kipato chake kizidi pauni 25,000 kwa mwaka, na hapo hukatwa asilimia 9 ya kile kilichozidi tu. Anayelipwa kidogo hakatwi.

Kabla sijafika kwenye pendekezo langu, neno moja kwa aliyekwisha ajiriwa. Deni la Bodi, tangu tozo iondoke, ndilo deni la bei rahisi kuliko yote utakayowahi kudaiwa. Usichukue mkopo wa benki ili kulimaliza. Usiruhusu mtu akuambie kwamba kulimaliza haraka ni ushujaa ikiwa fedha ya kulimalizia inatoka kwa kausha damu. Sheria inataka ubakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara, ambayo kwa 716,000 ni kama 238,667. Maana yake ni kwamba, baada ya makato yote ya mwanzo, benki bado ina nafasi ya kufunga takriban 244,000 nyingine kila mwezi, na maofisa mikopo wanalijua hilo kabla hujafungua akaunti. Mwalimu anayeanza kazi bila godoro, bila jiko, pengine akiwa amesubiri fedha ya kujikimu ambayo haijaingia, anasaini mkopo wa miaka mingi katika mwezi wa pili. Kisha nafasi ya benki ikijaa, kadi yake ya benki inakaa kwa mkopeshaji wa mtaani. Nimewaona walimu wazuri, wenye darasa linalowapenda, wakiomba uhamisho kukimbia mkopeshaji. Mkopo wa chuo hauwezi kumfikisha mtu huko peke yake. Unachofanya ni kumfikisha mwezi wa kwanza akiwa na 482,460 mahali ambapo alikuwa amepangia 716,000.

Pendekezo langu linahusu mwezi huo wa kwanza na inayofuata. Bodi hukopesha wanafunzi wapya kwa sehemu kutokana na marejesho ya wa zamani, kwa hiyo sitaki kusikia habari ya kufuta madeni. Mtoto wa mkulima wa Sikonge anayeomba mkopo mwaka huu anahitaji marejesho ya aliyemtangulia. Ila mwenye mshahara wa kima cha chini asikatwe mpaka apande, na aliyeajiriwa aanze na asilimia 8 kwa miaka mitatu, kisha apande hadi 15. Kwa dada wa mfano wetu, hiyo ni 50,120 inayorudi mfukoni kila mwezi katika miaka ambayo ananunua godoro na jiko, jumla 1,804,320 kwa miezi 36. Kwa kuwa tozo haipo tena, kiasi atakacholipa hakiongezeki hata shilingi. Deni lingechelewa kuisha kwa miezi 17.